Walimzika Wapi?

Katika miaka 19 niliyofundisha fasihi ya Kiswahili hapa Kisumu nimeulizwa maswali mengi kuhusu riwaya ya Rosa Mistika, na karibu yote yamekuwa ya namna moja: mhusika huyu ana sifa zipi, ana umuhimu gani, mwandishi ameyaendelezaje maudhui ya malezi. Mwanafunzi akitoa hoja tano na kila hoja akaitolea mfano, humpa alama zake tukaendelea na kazi nyingine. Swali lililonishinda niliulizwa na mama yangu, ambaye masomo yake yalikomea darasa la nne, akiwa ameketi kwenye kigoda jikoni kwake huko Vihiga, na aliliuliza kwa sauti ya chini kana kwamba anaulizia bei ya chumvi: "Huyo msichana, Mwalimu, walimzika wapi?"

Nakala yenyewe niliinunua katika soko la Kibuye siku ya Jumapili, kwa mchuuzi aliyekuwa ametandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia katikati ya viatu vya mitumba. Jalada lilikuwa limebanduka, na aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa amepiga mistari ya wino mwekundu kila palipotajwa Zakaria, hata kurasa nyingine zikafanana na daftari lililosahihishwa na mwalimu mwenye hasira. Riwaya hiyo ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Mwandishi ni mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa hili hili ambalo sisi tunalitazama tukiwa ufukweni Dunga, na labda ndiyo sababu wanafunzi wangu huwaona watu wake kama majirani. Anasimulia habari za nyumba ya Zakaria, mlevi anayempiga mkewe Regina, na za Rosa, binti yao mkubwa, ambaye baba anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya mapenzi, kisha anamchunga kama mahabusu mpaka siku anapokwenda shule ya bweni na kukutana na uhuru ambao hakuna aliyemfundisha namna ya kuutumia. Mwishowe Rosa anajiua. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, kwa kuwa wakubwa waliyaona mambo ya mapenzi yaliyoandikwa waziwazi wakashtuka. Mimi nimezoea kuwaambia wanafunzi kwamba wakubwa wale walishtukia mahali pasipo pake, kwani la kutisha zaidi katika nyumba ile ni namna kila mtu anavyojua na kila mtu anavyonyamaza. Nilikuwa nikilisema hilo kwa ufasaha mkubwa, bila kujua kwamba ninawasimulia habari za kwetu.

Machi 2023 shemeji yangu alinipigia simu kutoka Nakuru. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo aliyapunguza zaidi. "Shemeji, njoo umwone ndugu yako. Mimi nimeshindwa." Nilipanda matatu asubuhi iliyofuata, nikapitia Kericho, na kufika mtaani kwao, Free Area, saa za alasiri. Nilimkuta dada yangu mdogo, aliyekuwa na miaka 34 wakati huo, amelala na viatu miguuni, amegeukia ukutani. Ilikuwa imebainika siku mbili nyuma kwamba kazi yake ya karani alikuwa ameiacha miezi minne iliyopita. Kila asubuhi katika miezi hiyo minne alivaa sketi yake ya kazini na sweta ya buluu, akambusu mtoto, akapanda matatu mpaka mjini, akaenda kuketi katika bustani ya Nyayo Gardens mpaka saa kumi jioni, kisha akarudi nyumbani kama mtu aliyetoka kazini. Mwisho wa mwezi alimpa mumewe pesa alizokuwa akikopa katika chama cha kuweka na kukopa. Siri hiyo ilifichuka pale mwendesha boda alipomwuliza shemeji, bila nia mbaya, kwani mama watoto siku hizi anafanya kazi ya kuhesabu ndege.

Nilimwuliza dada kwa nini hakusema. Alinijibu kwamba alitaka kusema Jumatatu. Kila wiki ilikuwa na Jumatatu yake.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na majina mengi kuliko dawa zake. Vitabu vya Tanzania huuita sonona. Magazeti yetu huandika msongo wa mawazo au unyogovu. Majirani wa pale Free Area walisema ana mastresi. Mama mkwe wake akasema ni uvivu, tena akaongeza kwamba enzi zao hapakuwa na nafasi ya kulala mchana. Mimi niliye mwalimu wa lugha nilisimama katikati ya maneno hayo yote nikaona hakuna lililomfaa mtu yule aliyekuwa amelala na viatu. Shemeji ndiye aliyekata shauri tumpeleke hospitali, na ninamheshimu kwa hilo mpaka leo, maana alikuwa na kila sababu ya kukasirika kwanza.

Daktari aliyetupokea alimsomea dada maswali tisa. Aliulizwa kama katika wiki mbili zilizopita amekuwa akikosa hamu ya mambo aliyoyapenda, kama analala vibaya au kupita kiasi, kama anajiona ameshindwa au ameiangusha familia yake, kama mwendo na usemi wake umepungua kasi hata watu wakatambua, na mwisho, kama amewahi kuwaza kwamba ingekuwa heri afe. Kila jibu hupewa alama kutoka 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 27. Dada alipata 21. Mwalimu huzoea kufurahia alama za juu, na nakiri kwamba kwa nukta moja ya ujinga akili yangu ilifurahi kabla sijafahamu kwamba kuanzia 20 ni hali mbaya sana.

Kisha daktari akatugeukia sisi. Alitaka kujua kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuugua hivi, au aliyewahi kujiua. Shemeji alinitazama, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa upande wetu. Nikajibu papo hapo, kwa uhakika wa mtu anayejua kwao, "Hapana, hakuna." Daktari akaandika.

Dada alipewa fluoksetini, tukaonywa kwamba dawa hiyo si kama ya kichwa, kwamba huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona nafuu, na kwamba akishajisikia vizuri asiiache ghafla. Tuliambiwa pia asikae peke yake. Mume alikuwa na kazi na mtoto alikuwa na shule, kwa hiyo tukakubaliana, bila ugomvi wowote ninaoukumbuka, kwamba aende kwa mama Vihiga kwa muda, na shangazi wa mtoto ahamie Free Area kumwangalia mtoto.

Shule zilipofungwa mwishoni mwa Aprili nilikwenda nyumbani. Dada alikuwa amepata usingizi kidogo na alikuwa akila, lakini kusoma kulikuwa kumemshinda, yeye ambaye tulipokuwa wadogo alikuwa akisoma hata magazeti yaliyofungiwa sukari. Aliniambia kwamba macho yanapita juu ya mstari lakini maneno hayashiki. Alikiona kile kitabu kisicho na jalada mkobani mwangu akaniomba nimsomee. Hapa nilikosea, na nalisema kama lilivyokuwa: habari ya msichana anayejiua si ya kumsomea mgonjwa wa namna hiyo bila kumwuliza daktari wake, na daktari aliniambia hivyo baadaye, kwa upole kuliko nilivyostahili. Wakati huo niliona tu kwamba ndugu yangu ameomba kitu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa majuma kadhaa.

Basi kila jioni nilisoma jikoni, karibu na moto, kwa kuwa taa ya sola ilikuwa ni moja na mama alikuwa akiihitaji. Mama alijifanya hasikilizi. Alichambua kunde, akapepeta mtama, akamfukuza paka, lakini siku ya pili nilipofika mahali Regina anapopigwa alisema bila kuinua macho, "Huyo mama angerudi kwao." Dada akamjibu, "Kwao nani angempokea?" Mama akafikiri. "Mama yake," akasema. Yale yalikuwa mazungumzo yao marefu zaidi tangu dada afike, na hayakuwahusu wao. Ndipo nilipoanza kuelewa kazi ambayo kitabu kilikuwa kikifanya mle jikoni. Dada hakuweza kusema "mimi naona aibu", lakini aliweza kusema kwamba Rosa anaona aibu. Mama hakuweza kumwuliza dada analala vipi, lakini aliweza kushangaa kwa sauti kwamba msichana yule hana hata mtu mmoja wa kumwambia neno. Walimsengenya Rosa kama jirani, na katika kumsengenya walikuwa wakiulizana hali.

Nilipokaribia kurasa za mwisho nilitaka kusingizia kwamba zimeng'oka, kwani kitabu chenyewe kilikuwa kimechakaa vya kutosha. Dada alinitambua kabla sijafungua kinywa. "Kaka, soma. Unadhani sijui anakokwenda?" Nikasoma. Nilipomaliza, mama aliongeza kuni motoni ingawa maji yalikuwa yamechemka zamani, akakaa, halafu akauliza lile swali.

Sikumjibu, kwa maana nilifahamu kwamba hakuwa akiulizia Ukerewe.

Nilikuwa na miaka saba mwaka 1987, na katika mambo machache ninayoyakumbuka ya mwaka huo ni kukatwa kwa mparachichi uliokuwa nyuma ya nyumba ya babu. Ulikuwa umezaa sana. Ulipoanguka, parachichi changa zilitapakaa uani kote, ngumu kama mawe, na sisi watoto tukakimbilia kuziokota tuzivundike kwenye majani makavu. Tulichapwa. Tulichapwa na watu wazima ambao kwa kawaida hawakutuchapa, kisha mti ukachomwa wote, na hakuna aliyeruhusiwa kupeleka hata kijiti kimoja jikoni. Nilikua nikidhani kwamba mti ule ulikuwa na ugonjwa. Mwaka huo huo baba mdogo, kitinda mimba wa babu, aliyekuwa akinibeba mabegani kwenda kisimani, aliondoka, na tukaambiwa amekwenda Uganda kutafuta kazi. Nilimngoja kwa miaka mingi. Nilipoanza sekondari bado nilikuwa nikitazama magari yanayotoka upande wa Busia.

Usiku ule mama alitueleza kwamba baba mdogo hakuvuka mpaka wowote. Alizikwa usiku, nje ya ua, na wazee watano, bila wimbo na bila mahubiri, kwa kuwa desturi ilikataza kumlilia mtu aliyekufa hivyo, na kanisa nalo halikutaka. Hapakuwa na makumbusho. Jina lake halikupewa mtoto yeyote, na katika nchi yetu, ambako marehemu hurudi nyumbani kupitia majina ya wajukuu, hiyo ndiyo namna ya kumfukuza mtu moja kwa moja. Babu alitoa amri asitajwe, na baba yangu, mtu mpole aliyefariki mwaka 2009 bila kuwahi kuninyanyulia mkono ila ile siku ya parachichi, aliitii amri hiyo mpaka kaburini.

Huwa ninajiuliza yule mwenye kalamu nyekundu angempigia nani mistari katika nyumba yetu. Zakaria ni mhusika anayemrahisishia msomaji kazi: analewa, anapiga, anafoka, na ukishamchukia unahisi umeshaielewa familia yake. Kwetu hapakuwa na Zakaria. Waliotunza siri yetu walikuwa watu wema, waliodhani wanatukinga, na mmoja wao ndiye aliyekuwa ameketi mbele yangu na kijiti cha kuchochea moto mkononi.

Ila mama hakuishia kwenye maziko. Ni kama mtu aliyefungua gunia likamshinda kulifunga. Alisema kwamba miezi kadhaa kabla ya siku ile shemeji yake aliacha kunyoa ndevu na kuoga, yeye aliyekuwa nadhifu kuliko vijana wote wa kilima kile. Baadaye akaanza kugawa vitu: redio yake akampa kijana wa jirani, viatu vyake vya Jumapili akampa baba. Aliwahi kujaribu mara moja akaokolewa, na jirani mmoja akashauri apelekwe hospitali, lakini babu akakataa kwa kuogopa kwamba hospitali ingewaita polisi. Woga wa babu haukuwa wa bure, kwa kuwa kifungu cha 226 cha sheria yetu ya jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji anayeweza kufungwa. Halafu, katika wiki ya mwisho, baba mdogo akachangamka. Aliwachotea wanawake wote wa boma maji. Alicheka. "Tukasema amepona," mama akasema. "Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu kwamba amepona."

Akamgeukia dada. "Wewe uliponipa yale mapazia mwezi wa pili, nilijua."

Nilikumbuka yale mapazia. Mama alikuwa amekwenda Nakuru mwezi wa Februari kumwona mjukuu, akarudi na mapazia mazuri ya sebuleni na jozi mbili za viatu, nasi tukamtania kwamba binti yake ametajirika. Mama peke yake ndiye aliyekuwa ameyaona mambo haya kabla, na alimtambua shemeji yake katika mikono ya binti yake, akakaa na utambuzi huo wiki baada ya wiki. Nilimwuliza, na nadhani sauti yangu ilipanda, kwa nini hakuniambia hata mimi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mzito wa kufahamu. "Ningeanzaje, Mwalimu? Kusema amefanana na nani?"

Mpaka siku hiyo nilikuwa nikidhani kwamba siri za familia huficha aibu, na katika kazi zangu za darasani ndivyo nilivyofundisha. Ya kwetu ilikuwa imefukia pia ujuzi. Mtu mmoja tu katika ukoo alijua dalili zinavyopangana, kuanzia ndevu hadi redio hadi kile kicheko cha mwisho, na mtu huyo alikuwa amefungwa kinywa kwa miaka 36, kwa kuwa huwezi kueleza dalili bila kumtaja aliyekuwa nazo.

Dada alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akauliza, "Jina lake lilikuwa nani?" Mama akalitaja. Nilikuwa nimelisahau, katika kumbukumbu zangu alikuwa ni baba mdogo tu, mabega na harufu ya sabuni. Dada alilirudia jina hilo mara mbili, taratibu, kama anavyofanya mtu anayejifunza neno geni, na usiku ule, kabla hajalala, alimwambia mama mambo ambayo mimi sikuyasikia kwa kuwa walinitoa jikoni.

Mwezi wa Mei nilimsindikiza Nakuru kwa daktari. Kabla hatujaketi vizuri nilimwambia kwamba nilimpa jibu lisilo sahihi, na kwamba baba yetu mdogo alijiua. Nilitarajia karipio. Alifungua faili, akaitafuta ile "hapana", akaipiga mstari mmoja, akaandika juu yake, kisha akabadilisha mambo mawili: miadi ya kila mwezi ikawa ya kila baada ya wiki mbili, na vidonge akataka vikae kwa shemeji, naye awe anavihesabu. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko nilioutumia kupanga foleni.

Sitaki kudai kwamba kila mtu alifurahi. Baba mkubwa aliposikia kwamba tumelitaja lile jina mbele ya watoto alikaa miezi mitatu bila kupokea simu zangu, na mpaka leo tukikutana katika mazishi ananisalimia kwa mkono mmoja. Mama mkwe wa dada naye hakubadilisha kauli yake, ameacha tu kuisema mbele yetu. Dada alirudi Free Area mwezi wa Agosti. Madeni ya chama yalilipwa kidogo kidogo, na kazi ya nusu siku aliipata katika duka la vifaa vya shule. Siku mbaya anazo bado. Zikija humtumia shemeji ujumbe wenye neno moja, "Jumatatu", naye huwahi nyumbani.

Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kile kifungu cha 226 kinapingana na Katiba, nilimpigia mama simu kumsomea habari hiyo gazetini. Alisikiliza mpaka mwisho. "Wamechelewa," akasema, kisha akaniuliza kama mvua imenyesha Kisumu.

Kabla hatujaagana aliniuliza pia kama yule mtu wa Ukerewe aliandika kitabu kingine, maana jioni zimekuwa ndefu tangu dada aondoke. Nilimwambia kipo, kinaitwa Kichwamaji, cha mwaka 1974. Nakala ninayo hapa mezani. Ninajua kinavyoishia, najua pia kwamba atakapofika mwisho wake ataniuliza swali lingine, na kwa sasa bado sijampelekea.